Namna ya Kumfikisha Mgonjwa wa Macho kwa Daktari na Kumsaidia Asiyeona Katika Shehia

Katika shehia, yaani maeneo madogo ya utawala, za Unguja na Pemba, mzee aliyepungukiwa na uwezo wa kuona si mtu asiyejulikana. Majirani wanamjua, wajukuu humshika mkono kumpeleka msikitini, na watoto wake wameshazoea kumwekea kila kitu karibu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumfikisha kwa daktari wa macho na kuhakikisha kwamba amerudi akiwa amehudumiwa. Mwongozo huu ni kwa mhudumu wa kujitolea anayetaka kuwa mtu huyo, na umetilia mkazo zaidi safari ya kutoka nyumbani hadi hospitali, kwa kuwa hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea.

Kujitayarisha

Anza kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia, na kwa muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu. Sheha akikutambulisha, milango itafunguka, na muuguzi ndiye atakayekuelekeza kliniki ya macho iko wapi, inafanyika siku gani na mgonjwa aende na nini. Usianze kupima watu kabla ya kupata majibu hayo, kwani kumwambia mtu kwamba macho yake yana kasoro na kisha kushindwa kumwelekeza pa kwenda ni kumuongezea hofu bure.

Wazee ndio wa kutembelewa mwanzo. Tangu mwaka 2016 Zanzibar hulipa pensheni jamii kwa wazee waliofikia miaka 70, kwa hiyo wengi wao wanajulikana vyema katika shehia, na sheha anaweza kukueleza ni nani hatoki tena nyumbani. Uliza pia habari za wenye kisukari wa umri wowote, kwa sababu ugonjwa huo huharibu mishipa midogo ya damu ndani ya jicho kabla mgonjwa hajahisi chochote, na kila mmoja wao anapaswa kuchunguzwa macho angalau mara moja kwa mwaka.

Kupima

Piga hodi, salimia, eleza ulilojia, na subiri ukaribishwe. Mhudumu mwanamume anapokwenda kumpima mwanamke ni vyema afuatane na mhudumu mwanamke au apime mbele ya jamaa wa nyumba hiyo.

Tumia chati ya herufi E uliyopewa na kituo, ambayo haihitaji mtu kujua kusoma: mpimwaji huonesha kwa vidole upande ambao meno ya herufi yameelekea. Pima mita 6 kwa kamba uliyoifunga fundo mwanzo na mwisho, wala usikisie kwa hatua. Chati iwe mahali penye mwanga wa kutosha, na mpimwaji asitazame jua. Baraza yenye kivuli inafaa sana. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, na kama ana miwani ya mbali aivae. Asiyeweza kuuona mstari wa 6/12 (ule ambao mwenye macho mazuri angeuona hata akiwa mita 12) kwa jicho lolote aandikiwe rufaa. Unaweza kumpa pia karatasi ngumu yenye kitundu cha milimita 1 hivi atazame kupitia hapo. Akiona vizuri zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba miwani itamfaa, ingawa uamuzi huo si wako bali ni wa mtaalamu.

Uoni wa karibu usiudharau. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wake, na mwanamke aliyekuwa akidarizi kofia au kuchambua mchele bila shida huanza kuusogeza uzi mbali na uso wake. Wengi huacha kazi inayowapa riziki wakidhani ni uzee usio na dawa, ilhali miwani ya kusomea ingewarudisha kazini. Hata hivyo mhimize apimwe macho yote kabla ya kununua miwani sokoni, kwa kuwa presha ya macho (glakoma) huanza kimyakimya katika umri huo huo, haiumi, na uoni uliochukuliwa nayo haurudi.

Yasiyongoja siku ya kliniki

Mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo akiwa amepoteza uwezo wa kuona ghafla, akiwa na jicho jekundu linalouma sana, au akiwa amejeruhiwa, kama wachumaji wa karafuu wanavyochomwa na vijiti. Chokaa au saruji ikiingia jichoni, osha kwanza kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, ukiligeuza kope na kuondoa chembe zilizobaki, ndipo muondoke. Jicho lililotobolewa halioshwi, halibonyezwi, wala kilichochoma hakichomolewi. Lifunike kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kikombe kidogo cha plastiki, na muwahi hospitali. Mtoto ambaye mboni yake inaonekana nyeupe naye asicheleweshwe, maana inaweza kuwa saratani ya jicho.

Waeleze watu kwa upole wasitie jichoni asali, maziwa ya mama, maji ya majani yaliyopondwa, wala dawa ya matone iliyobaki kwa jirani. Baadhi ya matone huwa na steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, ambayo hutuliza wekundu kwa muda huku ikipandisha presha ya jicho au ikizidisha kidonda.

Kutoka nyumbani hadi hospitali

Mtoto wa jicho ndiyo sababu kubwa kuliko zote za upofu duniani, na tiba yake ni upasuaji: lenzi iliyopata ukungu hutolewa na kuwekwa lenzi bandia. Kwa kawaida jicho hutiwa ganzi tu, kazi yenyewe huchukua muda usiofika saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo au ya pili yake. Pamoja na hayo, wapo wanaokaa miaka mingi bila kwenda. Baadhi huogopa kwamba jicho zima litatolewa. Wengine waliambiwa zamani wangoje mtoto wa jicho "akomae", jambo ambalo halina haja tena, na kungoja kupita kiasi kunaweza hata kuleta madhara. Maneno yako hayatakuwa na nguvu kama ya mtu wa shehia hiyo aliyekwisha kufanyiwa upasuaji. Mwombe akutane na mgonjwa, wazungumze wenyewe.

Kisha tafuta mwenye uamuzi. Mara nyingi bibi huwa tayari, lakini anamsubiri mtoto wake aliye mjini au Dar es Salaam. Mpigie mtoto huyo mbele ya mama yake, mweleze siku, gharama za safari na nani atafuatana naye. Kwa wanaoishi Tumbatu au Kisiwa Panza, safari huanza kwa chombo cha baharini, hivyo panga kwa kuzingatia maji na upepo, na kama wagonjwa ni wengi waende pamoja ili nauli na wasindikizaji wapungue. Andika jina la msindikizaji katika daftari lako, kwani rufaa isiyo na msindikizaji aliyetajwa kwa jina huishia mvunguni mwa kitanda.

Akisharudi, mtembelee kesho yake na tena baada ya wiki. Hakikisha anatiwa matone kwa mikono iliyonawiwa, hasugui jicho, na habebi ndoo. Waliofanyiwa upasuaji huuliza sana kuhusu udhu na kusujudu, na ni haki yao kupata majibu: muda wa kuepuka maji na kuinama aulizwe daktari kabla ya kuondoka hospitali, na namna ya kutekeleza ibada katika muda huo aulizwe imamu. Vivyo hivyo kwa mwenye presha ya macho mwezi wa Ramadhani unapokaribia. Amuulize shekhe wake mapema kuhusu matone mchana wa saumu, kwa sababu kuyaacha mwezi mzima kunaweza kumpotezea uoni asioweza kuurudisha. Maumivu yakizidi au uoni ukishuka baada ya upasuaji, arudishwe siku hiyo hiyo.

Ambaye hataona tena

Daktari akisema uoni hautarudi, wewe usikome kwenda, maana hapo msaada wako ndipo unapohitajika zaidi. Ukifika, jitambulishe kwa jina hata kama anaijua sauti yako, na ukiondoka muage. Zungumza naye mwenyewe, si na aliyekaa pembeni yake. Unapomwongoza, kwanza muulize kama anahitaji, kisha mwachie akushike wewe juu kidogo ya kiwiko na atembee nusu hatua nyuma yako. Kumvuta mkono au kumsukuma kwa mbele humtia hofu. Mtajie kizingiti na ngazi kabla hamjafika, na useme kama mnapanda au mnashuka.

Nyumbani, kubalianeni na jamaa kwamba hakuna kitu kitakachohamishwa bila yeye kuambiwa. Kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi chooni humwezesha kwenda peke yake, mpira uliovishwa kopo la chumvi hulitofautisha na la sukari, na noti zinaweza kukunjwa kila moja kwa namna yake. Muulize alikuwa akifanya nini kabla ya kupoteza uoni. Kusuka ukili ni kazi ya vidole zaidi kuliko macho, na kumnyima mama kazi hiyo kwa kumhurumia ni kumuongezea upofu.

Mtoto asiyeona aandikishwe skuli kama wenzake, ajifunze nukta nundu (maandishi ya Braille yanayosomwa kwa vidole) na kutumia fimbo nyeupe. Wazazi wanaosita wakutanishwe na watu wazima wasioona wenye kazi na familia zao. ZANAB, jumuiya ya wasioona Zanzibar, ni mlango mzuri wa kuwapata.

Daftari lako lina siri za watu, kwa hiyo lifungiwe na lisijadiliwe barazani. Kila mwisho wa mwezi kaa na muuguzi, mpitie jina moja moja la walioandikiwa rufaa, na wale ambao hawajafika kliniki ndio muanze nao mwezi unaofuata.