Somo: Mkataba unasema ukiacha kazi mapema ulipe? Soma hapa kabla hujasaini wala kukimbia

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki: "Mkataba wangu unasema nikiondoka kabla ya miaka miwili nilipe mishahara mitatu. Nitalipa kweli?" Nimelijibu kwenye simu, nimelijibu soko la Mwanga nikiwa na kapu la dagaa mkononi, juzi nimelijibu msibani. Naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mimi si wakili. Nilikuwa mhasibu msaidizi kwenye shule binafsi hapa Kigoma, nikaumizwa na jambo hili hili mwaka 2017. Leo ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kazini kwangu. Ninayoandika yamo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni zake za 2007. Yanahusu sekta binafsi. Watumishi wa umma mna taratibu zenu.

Hatua ya 1. Tafuta nakala ya mkataba wako. Huna? Iombe kwa maandishi.

Hatua ya 2. Jua mkataba ni wa aina gani. Kama hauna ukomo, unaondoka kwa notisi. Mwezi wa kwanza wa ajira notisi ni siku 7. Baada ya hapo ni siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, lakini lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. Hawezi kukudai wewe miezi mitatu halafu yeye ajiwekee mwezi mmoja.

Kama mkataba ni wa muda maalumu, kwa mfano miaka miwili, hapa wengi hawapendi kusikia ninachosema. Kanuni zinasema unaweza kuuvunja kabla ya muda pale tu mwajiri alipoukiuka kwa kiasi kikubwa, au mkikubaliana naye kuumaliza mapema. Ukiondoka tu kwa kuwa umepata pazuri zaidi, aliyevunja mkataba ni wewe, na mwajiri anaweza kudai fidia. Kwa hiyo anzeni kwa mazungumzo. Waajiri wengi wanakubali ukiwaeleza mapema na ukajitolea kumfundisha atakayekupokea.

Hatua ya 3. Soma kifungu cha pesa polepole. Mara nyingi kinachanganya vitu vitatu: pesa ya notisi (ya siku za notisi ambazo hukufanya kazi), gharama za mafunzo uliyolipiwa, na faini ya kuondoka. Pesa ya notisi ipo kisheria. Gharama za mafunzo zinahitaji risiti. Kuhusu faini, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema mtu akivunja mkataba wenye kiasi kilichotajwa, anayedai atapewa fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Rudia kusoma maneno hayo. Mishahara mitatu iliyoandikwa ndio mwisho wa juu kabisa. Anaweza kupewa chini ya hapo.

Hatua ya 4. Andika notisi, taja sababu na tarehe ya mwisho, ipeleke masijala, isainiwe kwenye dispachi (daftari la kupokelea barua) na nakala yako igongwe muhuri. Na msichanganye likizo na notisi! Notisi haitolewi ukiwa likizo wala haitembei pamoja na likizo.

Hatua ya 5. Fanya kazi mpaka siku ya mwisho. Ukigoma kufanya kazi ndani ya notisi, sheria inamruhusu mwajiri akate kwenye malipo yako ya mwisho kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo.

Hatua ya 6. Fomu ya makabidhiano. Hapa ndipo nilipoanguka.

Mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili, mshahara 450,000. Niliondoka mwezi wa 14. Notisi nilitoa, siku zote 28 nilifanya kazi. Siku ya mwisho, Ijumaa mchana, nikawekewa mezani fomu ya kurasa tatu. Tiketi ya treni ya kwenda Tabora ilikuwa mfukoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa funguo na vitabu, wa pili wa stempu na kompyuta. Nikasaini, nikasaini. Ukurasa wa tatu ulisema nakubali kudaiwa na kukatwa Sh 1,350,000 kwa kuvunja mkataba. Niliusoma huo, sitadanganya. Nikauliza. Nikaambiwa bila saini hakuna cheti cha utumishi. Nikasaini.

Mshahara wa mwezi ule ukaenda. Malipo ya likizo ambayo sikuchukua yakaenda. Na bado nikaandikiwa barua kuwa nadaiwa salio.

Sheria ya Ajira, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu tu ameamua. Lazima kuwe na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama au tuzo (uamuzi wa mwamuzi wa migogoro) inayoruhusu, au wewe ukubali deni kwa maandishi. Hiyo "kwa maandishi" ndiyo niliyowapa kwa mkono wangu. Kama anachodai ni hasara uliyomsababishia, masharti yanaongezeka: iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akuandikie chanzo, kiasi na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha.

Huenda kweli kuna kitu ningelipa, maana mkataba ulikuwa wa muda maalumu. Lakini nafasi yangu ilijazwa wiki ile ile na mtu anayelipwa chini yangu. Hasara ya milioni moja na laki tatu na nusu ilikuwa wapi? Hilo ndilo swali ambalo lingeulizwa mbele ya msuluhishi, na saini yangu ndiyo iliyolizuia.

Kwa hiyo:
– Soma kurasa zote. Usafiri usubiri.
– Saini makabidhiano ya vifaa peke yake. Penye pesa usiyoikubali, andika pembeni kwa kalamu: "Nimeona, sikubaliani na deni hili", kisha saini na tarehe.
– Piga picha kila ukurasa kabla hujairudisha.
– Cheti cha utumishi ni haki yako mkataba unapokoma. Hakinunuliwi kwa saini.

Hatua ya 7. Dai stahiki zako kwa barua: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo uliyoilimbikiza, cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka hukipati ukiacha kazi mwenyewe, msigombane bure.

Hatua ya 8. Mkishindwana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Unajaza Fomu Namba 1, hulipi ada. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali una siku 30. Mingine, pamoja na hii ya makato, ina siku 60. Mimi nilikwenda baada ya miezi minne. Nikaambiwa niombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na "nilikuwa nahamia Tabora" haikuwa sababu. Hesabu siku zako kwenye kalenda tangu siku ya kwanza.

Ulizeni.

MASWALI

Kijana wa Gungu: Mkuu mi nimeacha kazi jana na simu nimezima. Watanifanya nini?

Mwandishi: Hatua ya 4 na ya 5.

Kijana wa Gungu: Nimeuliza swali, sijaomba hatua.

Mwandishi: Jibu limo humo, ndugu. Washa simu na uandike barua leo.

Dada wa Isevya: Asante sana kwa somo, kaka. Niko Tabora, taasisi ya mikopo. Mkataba wangu hauna ukomo, ila nilisaini karatasi nyingine kwamba wakinipeleka kozi nikaondoka kabla ya miezi 24 nirudishe gharama zote. Kozi ilikuwa Dodoma, wiki tatu. Nimeshafanya kazi miezi 18 tangu nirudi. Je, muda niliofanya hauhesabiwi?

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Kwanza tenganisha: notisi ni siku 28, hiyo karatasi haiibadilishi. Pili, omba mchanganuo kwa maandishi: ada ya kozi, nauli, malazi, kila kimoja na risiti yake. Mshahara uliolipwa wiki hizo tatu si gharama ya kozi kwa maoni yangu, upinge ukiwekwa humo. Tatu, karatasi haisemi deni linapungua, lakini kifungu cha 74 kinazungumzia fidia inayostahili. Wamekutumia miezi 18 kati ya 24, robo tu ndiyo imebaki. Andika pendekezo la kulipa robo ya gharama zilizothibitishwa, kwa awamu. Ukifika nalo Tume ukiwa umeliandika mapema, unaonekana mtu wa kulipa, na mwenzako ndiye atakayeeleza kwa nini anataka yote. Nitumie nakala ukificha majina, nitaisoma.

Mzee wa Dawa: Mnawafundisha vijana kukimbia. Mimi nina duka la dawa Kasulu. Nimemlipia binti mafunzo, amekaa miezi minne, kaenda kwa jirani. Nani ananilipa mimi?

Mwandishi: Mzee wangu, onyesha mstari niliomwambia mtu akimbie. Hatua ya 5 inasema kinyume.

Mzee wa Dawa: Sawa, nimerudia kusoma. Sasa nifanyeje kwa anayefuata?

Mwandishi: Shikamoo mzee, hapo tunaelewana. Usiandike "mishahara mitatu". Andika gharama halisi uliyolipa, ambatanisha risiti, na useme inapungua kila mwezi anaokaa: miezi 12, sehemu moja ya 12 inafutika kila mwezi. Asaini kabla ya kwenda mafunzoni, na nakala apewe. Karatasi ya namna hiyo unaweza kuitetea popote. Na kwa huyo aliyeondoka, kama unazo risiti, Tume inapokea madai ya mwajiri pia. Angalia siku.

Jibu Fupi: Kwa hiyo mishahara mitatu ni halali au si halali? Ndiyo au hapana.

Mwandishi: Hatua ya 2 kisha ya 3.

Dereva wa Uvinza: Bosi ameshika vyeti vyangu halisi, anasema mpaka nilipe.

Mwandishi: Pole ndugu. Mdai kwa barua yenye tarehe, taja kila cheti. Deni linadaiwa kwa njia zake, cheti chako hukukiweka rehani. Asipotoa, peleka barua hiyo Tume pamoja na madai mengine. Na wengine wote: ukiajiriwa, toa nakala zilizothibitishwa, halisi zibaki nyumbani.

Mwalimu Kasulu: Nje ya mada kidogo. Nikiacha kazi mwenyewe, fao la upotevu wa ajira la NSSF napata?

Mwandishi: Hapana mwalimu. Hilo ni la aliyepoteza ajira, aliyeacha mwenyewe halimhusu. Na kama una mkopo wa elimu ya juu, mwajiri mpya ataendelea kukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hayo yapo kisheria, hayahitaji saini yako.

Mama wa Mwanga: Nyongeza: kabla ya siku ya mwisho chukueni slipu zote za mshahara. Mimi nilifungiwa geti nikakosa hata moja ya kuonyesha.

Mwandishi: Asante mama. Hilo nilipaswa kuliweka hatua ya 1.

Kijana wa Gungu: Mkuu samahani kwa jana. Barua nimeandika, nimepeleka, masijala wamekataa kupokea.

Mwandishi: Umefanya vizuri kuja kusema. Piga picha barua ikiwa na tarehe, nenda posta uitume kwa rejista, tunza risiti. Andika jina la aliyekataa, na saa. Kisha kesho asubuhi ripoti kazini kama kawaida.