Discovery Harbour: anza na mabaki, jahazi baadaye

Ukienda Discovery Harbour, makumbusho ya kituo cha zamani cha wanamaji wa Uingereza huko Penetanguishene, Kanada, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Toronto, usikimbilie jahazi lililo gatini, ambalo ni nakala tu. Ingia kwanza kwenye jengo lenye mabaki ya HMS Tecumseth halisi. Skuna hiyo ya kivita iliundwa 1815. Mkataba wa 1817 kati ya Uingereza na Marekani ulipopunguza meli za kivita kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ikawekwa kando katika kituo hiki, ikazama hapo hapo 1828, ikaopolewa 1953. Mbao zimedumu kwa sababu ni maji yasiyo na chumvi, na wale wadudu wanaotoboa majahazi yetu ya pwani hawaishi humo. Tazama mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na mataruma, yaani mbavu zake, yakiwa wazi, kisha ndiyo ushuke gatini kwenye nakala. Sasa ukisimama sitahani unajua kilichofichwa chini ya miguu yako. Mimi nilianza na nakala, nikaona rangi na kamba tu, ikabidi nirudi mara ya pili.

Mbinu hii haifai nje ya msimu wa kiangazi, au nakala ikiwa kwenye matengenezo, kwa hiyo piga simu kabla hujatoka. Likitokea hilo, muda wako upe jengo la maofisa la 1845. Ndilo pekee la asili lililobaki, mengine yamejengwa upya. Na beba sweta hata Julai, upepo wa ziwa hauna adabu.