Maji ya mafuriko: tuamisha kwanza, dawa baadaye

Kila masika mto ukipanda, sisi wa bonde la Rufiji tunarudia kosa lile lile, tena kwenye nyumba zenye dawa ya maji ndani. Mtu anachota maji ya mto, au ya kisima kifupi kilichofunikwa na mafuriko, yana rangi ya chai ya maziwa. Anatia dawa papo hapo, anakoroga, anakunywa. Siku mbili tatu baadaye nyumba nzima inaharisha na lawama zote zinaiangukia dawa: "Siku hizi wanachakachua." Dawa haikuchakachuliwa. Imeliwa na tope.

Mimi ni mtu wa ugani, si wa afya, lakini hasara hii inaishia shambani ndiyo maana naandika. Mlau, yaani kilimo cha kupanda maji ya mafuriko yanaposhuka, haumsubiri mgonjwa. Maji yakianza kushuka, udongo unabaki na unyevu wa kupandia kwa siku chache tu, na familia ikizipitisha siku hizo chooni na zahanati, ardhi inakauka na kupasuka bila mbegu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba Rufiji na Kibiti, mlau ndio uliokuwa tumaini la waliopoteza mpunga wao. Msimu wa namna hiyo hakuna mwenye siku za kuchezea.

Niliwahi kukaribishwa maji kwenye nyumba moja kando ya mto. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Kunywa bila wasiwasi bwana shamba, dawa nimetia sasa hivi." Kichupa kilikuwa bado mkononi mwake. Nikamwomba tuyamimine yale maji kwenye chupa tupu ya plastiki, tukaiweka juu ya kinu, tukaendelea na mazungumzo ya mbegu. Tulipomaliza, chini ya chupa lilikuwa limelala tope la unene wa kidole, na ukinusa maji hayana hata chembe ya harufu ya dawa. Alikuwa ametia kipimo sahihi. Alichokosea ni mahali pa kukitia.

Wakulima, jambo hili mnalijua, ila mnalijua kwenye magugu. Nani kati yenu anachanganya dawa ya glaifosati na maji ya dimbwi? Hakuna, kwa sababu mnajua udongo unaishika dawa, unanyunyizia pampu nzima na majani yanaendelea kucheka. Klorini, ambayo ndiyo dawa ya maji, nayo haivumilii uchafu, ingawa sababu yake ni tofauti kidogo. Inapambana na kila kilichooza kinachoelea majini, majani, samadi, tope la chooni, na nguvu yake inaishia huko kabla haijawafikia vijidudu. Vingine vinajificha ndani ya punje za tope ambako dawa haiingii kabisa. Kama unayachuja maji ya kwenye bomba la kupulizia, ya mtoto wako yanakosa nini?

Kwa hiyo ndoo ikifika nyumbani, ifunike na uiache. Iweke mahali ambapo kuku na watoto hawaisukumi, tangu saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa 12 kamili, na si "mpaka nimalize kupika". Asubuhi usiinyanyue kwa pupa. Inamishe polepole, mimina maji ya juu kwenye ndoo nyingine iliyooshwa, na ukibakiza vidole vinne kutoka chini, acha hapo hapo. Hayo ya chini kamwagie mpapai. Wengi huharibu kazi ya usiku kucha katika hatua hii, kwa tamaa ya lita mbili za mwisho.

Maji ya mafuriko mengine ni mazito, hata usiku mzima hayatulii. Hapo tumia mlonge, ambao wengi wenu mnao uani. Chukua mbegu zilizokomaa na kukauka kwenye ganda la kahawia, menya, twanga siku hiyo hiyo ya kutumia. Kwa ndoo ya lita 20 weka vijiko viwili vidogo vya unga wake, vilivyosawazishwa, visivyo na kilima. Usiutupe mkavu ndani ya ndoo. Uchanganye kwanza na kikombe cha maji safi, tikisa kwa dakika 5, chuja kwa kitambaa, kisha mimina maji yake meupe kwenye ndoo. Koroga kwa kasi dakika 2, halafu polepole sana kwa dakika 10 hadi 15, utaona tope linaanza kushikana mabonge kama maziwa yaliyoganda. Acha litulie saa moja au zaidi. Ila jueni hili: mlonge hauui vijidudu vyote, dawa bado itahitajika, na maji yaliyosafishwa kwa mlonge hayakai. Yatumieni ndani ya siku moja, kwa sababu mabaki ya mbegu huoza.

Baada ya kutuama, chuja. Khanga kuukuu ni bora kuliko mpya, nyuzi zake zimelegea na matundu yamebana. Ikunje mara nne. Huko Bangladesh watafiti waliwapa wanawake kazi hiyo hiyo kwa sari kuukuu zilizokunjwa angalau mara nne, na kipindupindu kilipungua karibu nusu, kabla hata ya dawa. Ukimaliza ifue na uianike juani.

Sasa pima, macho yasikudanganye. Jaza chupa angavu ya lita moja na nusu, isimamishe juu ya gazeti, tazama kutoka mdomoni kwenda chini. Kichwa cha habari hakisomeki? Rudi kwenye kutuamisha, na dawa usiifungue. Kinasomeka lakini maji yana ukungu? Kipimo mara mbili. Maji ni meupe kabisa? Kipimo kimoja. Kumekuwa na mazoea ya kusema "yana tope, basi natia vifuniko viwili." Hapana. Vifuniko viwili ni vya maji ambayo yameshatuamishwa na kuchujwa na bado yana ukungu kidogo.

Kipimo kimoja ni kile kilichoandikwa kwenye dawa yako. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20, lakini vipo vya ukubwa mwingine, kwa hiyo soma karatasi, na usiyejua kusoma mwite mtoto wa shule. Aliyekwama na dawa ya kufulia nguo nyeupe pekee aangalie isiwe na manukato wala sabuni, na asitumie kifuniko. Apime kwa bomba jipya la sindano, lisilowahi kuchanja kuku: kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, mililita 1.2 kwa lita 20 za maji meupe. Ikiwa asilimia 5, mililita 0.8. Chupa isiyoandikwa asilimia iache ifue nguo.

Koroga, funika, subiri dakika 30. Hapa lazima niseme kwa ukali. Nimewakuta watu wazima wanampa mtoto kikombe dawa haijamaliza kuzunguka ndoo, eti ana kiu. Nusu saa ni nusu saa. Tazama saa ya simu, na kama simu imezima, subiri mpaka una hakika imepita.

Dakika 30 zikiisha maji yanuke dawa kwa mbali. Yasiponuka rudia kipimo mara moja, subiri dakika 15, na yakigoma tena yamwage.

Kuchemsha kunatosha pia, dakika moja tangu yaanze kutokota kwa nguvu, lakini kuni zinazohitajika ni karibu kilo moja kwa kila lita, na wakati wa mafuriko kuni kavu unazitoa wapi? Jua nalo linaua vijidudu: chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2, maji yaliyofaulu lile jaribio la gazeti, saa 6 za jua kali au siku 2 za mawingu.

Kabla masika hayajaanza, weka akiba. Hesabu lita 3 za kunywa kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita kwa siku tatu ni lita 54, yaani madumu matatu ya lita 20, yenye mdomo mwembamba na kifuniko kinachobana, juu ya kichanja, kivulini. Jaza maji meupe yaliyotiwa dawa, na kila mwezi yamwage bustanini ujaze mapya. Dumu likishafunguliwa, mimina, usichovye kata wala kikombe, kwa sababu mkono mmoja mchafu unarudisha ulichokiua. Yakibaki baada ya saa 24, yatie dawa tena.

Na dumu lililobeba kiuatilifu halisafishiki, si kwa mchanga, si kwa sabuni, si kwa majivu. Klorini haiondoi sumu ya shamba, na kuchemsha hakuiondoi. Kama ghala la dawa za shamba lilizama karibu na kisima chako, maji hayo msiyanywe kwa njia yoyote niliyoieleza hapa. Kachoteni kwingine, au kingeni ya mvua kwenye bati baada ya mvua ya kwanza kuosha paa. Dumu hilo la kiuatilifu litoboe leo, kabla hajatokea wa kuliona linafaa.