Ukitaka kuwaonesha watu muvi za Dragan Bjelogrlić mtaani kwenu, anza na ile ya mpira

Ndugu zangu naandika hii kwa sababu kuna watu watatu hapa Mwanga, Kigoma, wameniuliza nilifanyaje mpaka wazee na vijana wanakaa pamoja Jumamosi usiku kuangalia muvi za Mserbia, mwigizaji na director, ambaye hata jina lake walikuwa hawawezi kulitaja, nikaona bora niandike mara moja na wa kule Gungu na Ujiji wasome. Ni uani kwetu tu, shuka jeupe limepigwa misumari ukutani, projekta ya kuazima, spika moja, watu kama ishirini hivi na kahawa. Hatutozi. Wewe ukitaka kutoza kiingilio hiyo tayari ni biashara, kaonane kwanza na afisa utamaduni wa manispaa akuelekeze mambo ya vibali.

Kwanza jina. Linasomwa Dragani Byelo-gr-lich, hiyo j wanaitamka kama y, ile ć ya mwisho ni ch nyepesi, na pale katikati kwenye grl hakuna a wala i, unaviringisha ulimi kwenye r unapita. Wafundishe watu kabla hujawasha projekta, wacha walirudie hata mara tano. Mtu akishaweza kulitaja jina anaanza kumuona huyo mtu kama wa kwake.

Sasa nieleze kosa nililofanya ili usilirudie. Mimi nilianza na Lepa sela lepo gore ya 1996, yani vijiji vizuri huungua vizuri, ya director Srđan Dragojević. Kwa akili yangu niliona ndiyo iliyomtangaza sana nje na yeye ndiye steringi, anacheza Milan, Mserbia wa Bosnia aliyekua kijiji kimoja na rafiki yake Halil ambaye ni Mwislamu, utotoni walikuwa wanasimama mbele ya handaki moja la barabara wanaogopa kuingia maana wanaamini kuna zimwi limelala humo ndani, halafu vita inakuja 1992 na Milan anajikuta amenaswa yeye na wenzake ndani ya handaki lile lile, na Halil yuko upande wa pili. Muvi kali mno. Ila zilipoanza kuwaka nyumba kwenye lile shuka, moto umejaa ukuta mzima mpaka nyuso zetu zimekuwa nyekundu, mama mmoja jirani ambaye walikimbia Burundi akiwa binti mdogo aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Hakusema neno. Nikazima, na asubuhi nikaenda kumuomba radhi.

Hapa ni Kigoma. Kuna watu walivuka kuja huku 1972, wengine 1993, wa Kongo 1996, tena Warundi 2015. Huwezi kujua aliyekaa kwenye mkeka wako ana nini kifuani, kwa hiyo mpangilio wa muvi kwangu mimi ni jambo la kwanza kuliko hata ubora wa picha.

Kabla ya kuonesha lolote chukua kaunta buku uandike maisha yake kwenye ukurasa mmoja tu, uwasomee dakika tano. Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1963, Opovo, mji mdogo kaskazini mwa Serbia, enzi hizo nchi ikiitwa Yugoslavia. Muvi ya kwanza Boško Buha ya 1978, ya watoto waliopigana vita ya pili ya dunia, alikuwa bado mtoto wa shule. Kisha tamthilia ya Bolji život iliyoanza 1987, humo alicheza Boba, mmoja wa watoto wa familia ya Popadić, na huko kwao familia zilikuwa zinakaa kuifuatilia kama sisi tunavyofuatilia tamthilia za Kituruki. Baadaye yeye na kaka yake Goran wakawa na kampuni yao ya kutengeneza muvi, Cobra Film. Halafu hapa sema taratibu watu wasikie: muvi yake ya kwanza kuiongoza mwenyewe ilitoka 2010. Piga hesabu, ni miaka 32 mbele ya kamera ndipo akashika kazi ya udirector. Vijana wetu wenye simu wanaotaka kuwa madirector wiki ijayo hii sehemu huwa inawatuliza kidogo, wananyamaza wanahesabu kwa vidole.

Hiyo ya 2010 ndiyo ya kuanza nayo. Inaitwa Montevideo, Bog te video!, inahusu timu ya Yugoslavia iliyoenda Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Uruguay 1930, timu 13 tu, na za Ulaya zilikuwa nne. Kuna mtoto anaitwa Stanoje, mguu wake una chuma, ndiye anayesimulia. Kuna vijana wawili wa mpira, Tirke na Moša, soma Mosha, mmoja katoka maisha ya shida na mwingine ni staa wa mjini, wanagombania mpaka msichana. Hao walikuwa watu wa kweli, Aleksandar Tirnanić na Blagoje Marjanović.

Ila waambie mapema, na hili ni muhimu sana: muvi ya kwanza inaishia timu inaondoka. Kombe lenyewe hulioni. Usipowaambia, baada ya zaidi ya saa mbili watu watakuuliza mechi iko wapi na hutakuwa na jibu. Mechi ziko kwenye ya pili, Montevideo, vidimo se! ya 2014, kwa hiyo panga Jumamosi mbili zinazofuatana, usiache wiki ipite katikati.

Watakuuliza pia kwa nini timu karibu yote ni watu wa Belgrade. Jibu: makao ya chama cha mpira yalihamishwa kutoka Zagreb, mji wa Wakroatia, kwenda Belgrade, Wakroatia wakakasirika, wachezaji wao hawakwenda. Mtu yeyote anayejua mpira wa mikoani ataelewa bila maelezo zaidi. Na safari ilikuwa ya meli, walipanda Florida pale Marseille, Ufaransa. Hapa kwetu hiyo sehemu huhitaji kuitafsiri, watu waliokulia kuangalia Liemba ikitia nanga na kung'oa nanga wanajua kabisa mtu anavyopungia mkono mpaka chombo kinakuwa kadoa.

Kuhusu kutafsiri. Maandishi ya chini ni Kingereza na wengi hawayawahi, kwa hiyo lazima mtu atafsiri kwa mdomo, ila usifanye kama wale wa kibanda umiza wanaoongea mwanzo mwisho na kutia vichekesho vyao. Angalia muvi peke yako mara mbili kabla. Andika kwenye kaunta buku zile sentensi ambazo bila hizo mtu anapotea, ukisimama unazisema hizo tu, fupi, halafu unanyamaza muziki ufanye kazi yake. Matokeo ya mechi usiyataje hata wakikubembeleza, yaseme mwisho: walimfunga Brazil 2-1, na Tirnanić aliyefunga goli la kwanza alikuwa na miaka 19, kesho yake ndio anatimiza 20. Wakampiga Bolivia 4-0. Nusu fainali wakakutana na wenyeji Uruguay wakafungwa 6-1. Nilipotaja hiyo Tirnanić ya miaka 19, dogo mmoja anayecheza winga alishika kichwa, naye ana 19.

Jumamosi ya tatu weka Toma ya 2021, aliyoongoza na Zoran Lisinac, maisha ya mwimbaji Toma Zdravković. Hii ni ya wazee, wale waliocheza dansi enzi za Tabora Jazz, huzuni ya mwanamuziki wanaijua vizuri. Ya nne Čuvari formule ya 2023, wanasayansi wa kituo cha nyuklia cha Vinča karibu na Belgrade walipigwa na mionzi Oktoba 1958, watu sita, wakapelekwa Paris, daktari Georges Mathé akawapandikizia watano uboho kutoka kwa Wafaransa waliojitolea, mmoja alifariki. Eleza uboho ni nini kabla, sema ule urojo ulio ndani ya mfupa, kila mtu aliyewahi kunyonya mfupa wa mchuzi anaelewa. Tamthilia yake Senke nad Balkanom, ambayo ameongoza na kucheza inspekta Andra Tanasijević, ni ndefu, waachie wenye bando. Rane ya 1998 ina bunduki na mambo ya kihuni, watoto wasiwepo.

Ile ya handaki iwe ya mwisho kabisa, na sema wazi kuna nyumba zinaungua.

Yule mama jirani alirudi siku ya mpira, akakaa mpaka mwisho. Wakati tunakunja mikeka akaniuliza nani katengeneza, nikamwambia ni yule yule mwanajeshi wa handakini. Akanyamaza kidogo akaniambia, "Basi mwanangu, siku ukiirudia ile niambie mapema, uniwekee kiti pale mlangoni." Nimemuwekea. Ni Jumamosi hii.