Shokapu za pikipiki: kazi ya kufanya mwenyewe na ya kumwachia fundi

Ukiona oili kwenye bomba la shokapu ya mbele, usikimbilie kununua sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Mara nyingi sili ni nzima, ila imeingiwa na mchanga. Pikipiki inayooshwa ufukweni, kisha ikapandishwa milimani kwenye vumbi na kokoto za Mwanza, hukusanya chembe chini ya mpira wa kuzuia vumbi, na chembe moja inatosha kuinua mdomo wa sili. Chukua filamu ya zamani ya eksirei (haikosekani kabatini), kata utepe wa sentimita 2, chonga ncha yake iwe kama ndoano. Shusha mpira wa vumbi, ingiza utepe kati ya bomba na sili, uzungushe pande zote huku ukivuta uchafu nje. Futa, bonyeza shokapu mara kumi, futa tena. Bomba likibaki kavu siku mbili tatu, gereji huendi.

Likivuja tena, pitisha ukucha juu ya bomba kabla ya kufungua chochote. Ukucha ukinasa, kutu imekula chuma, na sili mpya itachanika ndani ya siku chache. Vidoa vidogo hulainishwa kwa msasa laini, namba 1000 kwenda juu, wenye oili. Shimo la kweli ni bomba jipya. Bomba lililopinda baada ya ajali lisinyooshwe, hata fundi akikuhakikishia: linaweza kurudi kupinda, au kukatika ukiwa na abiria.

Kubadilisha sili na oili ya mbele unakuweza ukiwa na spana za kawaida, ufunguo wa L wa kufungua bolti ya chini, na nusu siku. Pigia hesabu hivi: sili na oili utanunua popote kazi itakapofanyika, kwa hiyo unachookoa ni ufundi tu. Kwa dereva wa bodaboda, nusu siku hiyo nayo ni hela. Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaifikirii: toa miguu ya shokapu mwenyewe, umpelekee fundi mkononi. Unalipia kazi ndogo, na unaiona oili inayotoka.

Kosa la kwanza hufanyika kabla gurudumu halijatoka. Bolti za juu za shokapu na ile ya chini iliyojificha karibu na ekseli zinalegezwa robo mzunguko tu, pikipiki ikiwa bado imesimama kwa magurudumu yake. Kwa bolti ya chini, mtu akandamize usukani: springi hukaza fimbo ya ndani isizunguke. Ukiisahau hatua hii, bolti itazunguka bila kutoka, nawe utaishia kwa fundi mwenye mashine ya hewa.

Sasa weka stendi kubwa na gogo chini ya injini, toa gurudumu, breki na madigadi. Kama breki ni ya diski, usiguse mkono wake tena, pistoni zitatoka. Legeza vishikio vya mguu wa shokapu, zungusha mguu huku ukiuvuta chini. Unapofungua kifuniko cha juu, kikandamize na uweke uso pembeni, springi inasukuma. Kumbuka upande wa springi uliokuwa juu. Mwaga oili kwenye chupa, pampu hadi iishe. Oili ya rangi ya maziwa imeingia maji. Yenye vumbi la kung'aa inaonyesha chuma kinasagana.

Toa bolti ya chini, mpira wa vumbi na ringi ya waya, kisha chomoa bomba. Sili ya zamani itoke kwa bisibisi bapa iliyoegemea kipande cha mbao, kwa sababu mkwaruzo kwenye aluminiamu utavujisha hata sili mpya. Dukani nenda nayo: imeandikwa kipenyo cha ndani, cha nje na unene, na namba zote tatu lazima zilingane. Nunua pia washa (ringi bapa) mpya ya shaba ya bolti ya chini.

Rudisha bomba na bolti yake, funika ncha ya juu kwa mfuko wa plastiki uliopakwa oili, uteremshe sili ikiwa na springi yake ndogo upande wa chini, kwenye oili. Weka sili ya zamani juu yake, ugonge taratibu kwa kipande cha bomba la maji hadi mfereji wa ringi uonekane wote, kisha toa ya zamani, urudishe ringi na mpira wa vumbi.

Oili iwe ya shokapu, kwa kawaida namba 10. Ya injini, 20W-50, ni nzito mno: kwenye mawe gurudumu linaruka badala ya kufuata barabara. Kiasi ni kile cha kitabu cha pikipiki yako. Usikiamini kilichotoka, maana ilikuwa inavuja. Pampu taratibu mapovu yaishe, kisha, bila springi na bomba likiwa limebonyezwa lote, pima kwa rula toka mdomoni hadi kwenye oili. Miguu yote miwili ilingane. Ukizidisha ili ibebe mzigo, hewa inakosa nafasi na sili inafumuka.

Unapofunga, ekseli iwe nusu-kaza kwanza, bonyeza usukani mara kadhaa miguu ijipange, ndipo ukaze yote.

Shokapu za nyuma ni nati nne tu kuzitoa, ila usizifungue ndani. Zikivuja, nunua mbili kwa pamoja. Zilizokatwa na kuchomelewa tena mtaani zipishe. Bushi za mkono wa nyuma (unaoshika gurudumu) zinahitaji presi, mashine ya kukandamizia; hizo na beringi za usukani mpelekee fundi.