Bango la kifungu cha 66: kuonyesha sheria inapoishia

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, Tanzania Bara, kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kipigo, hata mila ikiruhusu. Kinaishia hapo, adhabu ya anayekikiuka hakikuitaja. Pengo hilo ndilo la kuchora. Picha ya mwanamke aliyevimba jicho haisemi lolote kuhusu sheria, na inamtonesha kidonda aliyekwisha kupigwa.

Tumia A3, milimita 297 kwa 420. Juu weka maneno ya kifungu, neno kwa neno, kwa pointi 40, yasomwe na aliye kama mita moja. Chini yake andika "ADHABU:" kwa pointi 100, isomeke kutoka mita tatu, kisha acha sentimita 12 tupu. Wafadhili watataka nembo zao hapo. Kataa; nafasi ikijazwa, bango limekufa.

Hatari kubwa iko hapohapo: mpita njia anaweza kuondoka akiamini kupiga mke si kosa. Ni kosa, na Kanuni ya Adhabu inaadhibu shambulio. Kwa hiyo ukanda wa mwisho useme: "Kupiga ni shambulio. Ripoti Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Tunadai sheria mahususi ya ukatili wa majumbani." Ukibaki na nafasi, ongeza kwamba Uganda inayo tangu 2010 na Kenya tangu 2015.

Maandishi yawe ya wino mweusi peke yake. Weusi uliochanganywa kwa rangi nne hutoa herufi zenye kivuli rangi zisipokaa sawasawa. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, geuza herufi kuwa michoro, ndipo utoe PDF. La sivyo, fonti yako isipobebwa ndani ya faili, kompyuta ya mchapaji isiyo nayo inaweza kuweka nyingine na mistari ikavurugika.

Kwa simu tengeneza upya, pikseli 1080 kwa 1350, ukibakiza namba ya kifungu, sentensi moja na nafasi tupu. WhatsApp hubana picha, basi itume kama faili.

Msimbo wa QR usiwe njia pekee ya kupata msaada. Ukurasa uliofunguliwa hubaki kwenye historia ya simu, na wapo wanaume wanaokagua simu za wake zao kila jioni. Maelezo yote ya msaada yaandikwe kwenye bango lenyewe.