Viazi Vidogo vya Kuokwa Vilivyojazwa Sangara wa Moshi: Kitafunwa cha Sherehe

Katika sherehe za Mwanza, iwe kicheni pati, sendofu, kipaimara au mahafali, sinia la vitafunwa linalotangulia chakula kikuu huwa na sambusa, kachori, vipande vya kuku na mishikaki. Viazi mviringo vidogo vilivyookwa, vikakatwa nusu, vikapunguzwa kiini na kujazwa samaki wa ziwani vinastahili nafasi katika sinia hilo, kwa kuwa mahitaji yake hupatikana sokoni, havihitaji mafuta mengi ya kukaangia, na sehemu kubwa ya kazi inaweza kumalizwa siku moja kabla ya shughuli. Jambo moja tu ndilo linaloamua kama vitafaa au havitafaa, nalo ni ganda. Mgeni amesimama, ameshika soda kwa mkono mmoja, hana uma wala kisahani, na ganda likilegea vidoleni mwake mchanganyiko wote utamwagikia nguo aliyoshona kwa ajili ya siku hiyo. Ndiyo maana maelezo yafuatayo, tangu ununuzi hadi usafirishaji, yanarudi mara kwa mara kwenye suala la kuondoa unyevu katika ganda na kuuzuia usirudi.

Chagua viazi vyenye ukubwa wa yai dogo la kuku, yaani gramu 40 hadi 50 kila kimoja. Wauza chipsi hupendelea viazi vikubwa, kwa hiyo muuzaji wa sokoni huwa tayari kukuchambulia vile vidogo kwa bei nafuu, hasa ukimweleza mapema kwamba unahitaji vinavyolingana. Ulinganifu ni muhimu kuliko uzuri wa sura, kwa sababu viazi vya ukubwa tofauti haviivi kwa wakati mmoja. Kilo 2 hutoa viazi 44 hivi, ambavyo vikikatwa ni vipande 88, kiasi kinachotosha wageni 30 wanaosubiri chakula. Tafuta viazi vyenye unga na uepuke viazi vya maji, kwa kuwa vya maji hubaki vizito na ganda lake huchelewa kukauka. Viazi mviringo hupenda baridi ya nyanda za juu kama Njombe na Mbeya, hivyo vinavyofika Mwanza vimesafiri mwendo mrefu ndani ya magunia. Kagua michubuko, kata machipukizi yote, na uache kabisa kiazi kilichogeuka kijani, kwa sababu rangi hiyo ni dalili ya kuongezeka kwa sumu ya solanini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Ukishafika navyo nyumbani, viweke mahali penye giza na hewa, lakini si kwenye friji, maana baridi ya friji hubadilisha sehemu ya wanga kuwa sukari na viazi huwa vyeusi na vyenye uchungu vinapookwa.

Viazi vitamu, ambavyo Wasukuma huviandaa kwa ustadi mkubwa kuwa michembe na matobolwa, havifai kwa kazi hii, kwani sukari yake huanza kuungua kabla ganda halijakauka.

Sugua viazi kwa brashi ndani ya maji, kisha uvifute kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu na uvitandaze kwa nusu saa mpaka visibaki na unyevu juu. Vitoboe kwa uma mara mbili au tatu, uvipake mafuta kidogo ya alizeti na chumvi, uvipange kwenye trei bila kugusana, na uvioke katika oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzijoto 200 kwa dakika 35 hadi 40. Kiazi kilichoiva hupenywa na ncha ya kisu bila ukinzani. Wapo wapishi wanaovichemsha kwanza ili kuokoa muda, lakini kwa mtu wa Mwanza faida yake ni ndogo. Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 96 hivi, kwa hiyo kiazi huchukua muda mrefu zaidi kuiva sufuriani kuliko Dar es Salaam au Tanga, na mwisho wake ganda limelowa maji ambayo utalazimika kuyakausha upya. Vilevile usivifunge viazi kwenye karatasi ya aluminiamu, kwa sababu karatasi hiyo huzuia mvuke usitoke na kiazi hupikika kwa mvuke badala ya kuokwa.

Asiye na oveni asikate tamaa. Sufuria kubwa lenye kitako kizito, likiwekewa mchanga safi mkavu unene wa vidole viwili, hufanya kazi nzuri juu ya jiko la mkaa, kama wanavyofanya wanaooka keki nyumbani. Weka kigae au mawe madogo juu ya mchanga, tia trei ndogo, funika, kisha upalie makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kwa kuwa joto la chini likizidi viazi huungua kitako kabla ya kuiva katikati. Ongeza dakika 10 au 15 katika muda uliotajwa, na kila baada ya robo saa ufunue mfuniko kidogo ili mvuke utoke.

Viazi vikishaiva, subiri dakika 10 tu vipungue moto, kisha uvikate nusu kwa urefu. Punguza kipande chembamba mgongoni mwa kila nusu ili isimame bila kuyumba, ukiwa mwangalifu usitoboe hadi ndani. Chota kiini kwa kijiko cha chai na uache ukuta wa unene wa nusu sentimita. Ukichota zaidi ya hapo ganda hupasuka, na ukiacha kingi halikauki. Baada ya hapo hufuata hatua ambayo watu wengi huiruka, ingawa ndiyo inayobeba kazi yote. Paka maganda mafuta ndani na nje, yalaze kifudifudi kwenye trei, uyarudishe motoni kwa dakika 8 hadi 10, kisha uyageuze na uyaache dakika 5 zaidi, mpaka kingo ziwe za rangi ya kahawia na ganda litoe sauti kavu ukiligonga kwa ukucha. Ganda lililopita hatua hii hustahimili mchanganyiko laini kwa muda wa kutosha, ilhali lisilopita hulegea mara tu linapojazwa.

Kiini kipondwe kingali cha moto kwa uma au mwiko, pamoja na gramu 60 za siagi. Usitumie blenda, kwa sababu visu vyake hupasua chembechembe za wanga na kiini hugeuka kuwa kitu kinachonata mfano wa gundi.

Kwa samaki, napendekeza sangara wa moshi kuliko sato, na sababu yangu ni miiba. Miiba ya sangara ni mikubwa na huonekana, ilhali sato ana miiba myembamba inayojificha ndani ya minofu, na katika sherehe wapo watoto wanaokula huku wakikimbia. Gramu 400 za minofu iliyokwisha kuchambuliwa zinatosha kilo 2 za viazi. Nunua samaki aliyekauka vizuri, mwenye harufu safi ya moshi na asiye na ute wala ukungu. Wanaofika soko la Mwaloni, Kirumba, wana nafasi kubwa ya kuchagua. Mwoshe haraka kwa maji ya moto, mpukutishe kwa vidole, kisha upitie minofu mara ya pili kwa mkono safi ili kuhakikisha kwamba hakuna mwiba uliobaki. Kaanga vitunguu viwili na pilipili hoho moja, vyote vikiwa vimekatwa vidogo sana, mpaka maji yake yakauke kabisa. Ongeza samaki, punje mbili za kitunguu saumu, pilipili manga na maji ya nusu ndimu, uvipike kwa dakika 3, kisha uchanganye na kiini. Mtindi, kiasi cha vijiko vikubwa sita, uchujwe kwanza kwenye kitambaa kwa saa moja ili maji yake yadondoke, ndipo utiwe pamoja na majani ya giligilani. Chumvi iwe ya mwisho, na baada ya kuonja, kwa kuwa samaki wengine hutiwa chumvi kabla ya kukaushwa.

Jaza kila ganda hadi lipande kidogo juu ya ukingo. Juu yake nyunyiza jibini iliyoparuzwa, au upake ute wa njano wa yai uliopigwa na kijiko cha mtindi, kisha uoke kwa dakika 12 hadi 15 mpaka juu pageuke rangi ya dhahabu na katikati pawe pa moto sana. Vikishatoka, nyunyiza dagaa wakavu waliotolewa vichwa, wakaoshwa mchanga wote, wakakaangwa hadi wakavunjika kwa urahisi na kutwangwa kidogo. Dagaa hawa hutoa mlio na ladha ambayo jibini peke yake haiwezi kuitoa, lakini wasiwekwe kabla ya kuoka kwa sababu huungua upesi na kuwa vichungu.

Anayeandaa mapema anaweza kumaliza maganda na mchanganyiko jioni ya siku iliyotangulia, akavipoza haraka na kuvihifadhi kwenye friji katika vyombo tofauti, kisha akajaza na kuoka siku ya shughuli. Utengano huo ni wa lazima pia katika usafiri. Mtu anayetoka Nyegezi kwenda ukumbini Ilemela, au anayevuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema, asifunike viazi vya moto ndani ya hotipoti, kwani mvuke hulainisha maganda yote kabla gari halijafika. Abebe maganda kwenye trei iliyofunikwa kitambaa tu, mchanganyiko ukae kwenye kasha lenye barafu, na uokaji wa mwisho ufanyike jikoni ukumbini. Pasipo na jiko huko, ni heri kuchagua kitafunwa kingine.

Toa sinia ndogo ndogo zinazoisha ndani ya nusu saa badala ya kupanga zote kwa pamoja, na kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili kisirudishwe kwa wageni. Kwa wasiokula samaki, tenga theluthi ya maganda na uyajaze kiini kilichochanganywa na spinachi iliyokamuliwa na mayai ya kuchemsha, uyaoke kwenye trei yake, na umwelekeze mhudumu asitumie koleo moja kwa sinia zote mbili.